Anajiita fundi kabla hujamsikia: utatuzi wa matatizo unapochagua wanamuziki wa orkesta

Kila mwaka baridi ya Juni ikiingia na arusi za Lubumbashi zikianza kubanana siku za Jumamosi, napigiwa simu za aina moja. Chefu (kiongozi) wa orkesta ndogo ya Katuba, kiongozi wa kwaya ya Ruashi, vijana wanne wa Kampemba waliochanga pesa wakanunua ampli (mashine ya kukuza sauti): wote wanatafuta mtu wa kujaza nafasi, na wote wamempata mtu anayejisifu kuliko anavyopiga. "Yaya, huyu nimuchukue ao nimuache?"

Nimeongoza orkesta ya arusi na vilio katika Kenya, komini ya hapa hapa Lubumbashi, kwa muda wa kutosha kujua kwamba swali hilo huulizwa mapema mno. Majivuno ni kama joto la mwili. Linakuambia kuna kitu, halikuambii kama ni malaria, jino au kidonda. Ukimfukuza kila mwenye joto utabaki na wapole wasiojua kupiga. Ukimpokea kila anayesema kwa sauti kubwa, bwana arusi atakudai avansi yake, pesa aliyotanguliza.

Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa wanafunzi mitihani ya mantiki, ya sarufi na ya kutambua kichekesho, kisha wakamuuliza kila mmoja anadhani amewapita wenzake wangapi. Robo ya chini kabisa ilikuwa imewapita watu 12 hivi katika kila 100. Wenyewe walidhani wamewapita 62. Wengi wakisimulia habari hii huishia hapo, lakini mimi nanufaika na kilichofuata: wale wa chini walipofundishwa mantiki kidogo, walianza kuona makosa yao wenyewe na kujipima vizuri zaidi. Kwenye muziki naona hivyo hivyo kila wiki. Mtu ambaye hajawahi kujisikia kwa masikio ya mwingine hana namna ya kujua yuko wapi. Kwa hiyo karibu kila kipimo kilicho hapa chini kinafanya kazi moja, kumsikilizisha mtu yeye mwenyewe, kabla ya kumhukumu.

Andaa kwanza

Unahitaji simu yenye nafasi ya kurekodi, programu ya metronomu (saa inayogonga mdundo), programu ya kulinganisha nyuzi, kiti cha plastiki na saa moja isiyo na haraka. Simu iweke mita 3 mbele ya mpigaji, usawa wa kifua. Mwambie kwamba unarekodi. Wawepo wasikilizaji wawili, mmoja akitazama ukuta muda wote. Orkesta nyingi kubwa za Marekani, tangu miaka ya 1970, zilianza kumweka mwombaji nyuma ya pazia ili waamuzi wasikie bila kuona. Sisi hatuna pazia, tuna ukuta. Watu wa hapa tunapenda mtu aliyevaa, na nguo nzuri huingia masikioni.

Fuata mpangilio: sababu ya kwanza ndiyo ninayoikuta mara nyingi, ya mwisho ni nadra. Usiruke kwenda ya mwisho kwa sababu umeshakasirika.

Dalili ya 1: "Mi napiga yote"

Anakuja na orodha: solo, besi, kinanda, ngoma akihitajika. Unampa wimbo wa kawaida katika toni ya mi bemoli, anakutazama.

Sababu ya kwanza: alikulia kanisani akiwa peke yake. Katika kanisa dogo mtoto huyo huyo anapiga kinanda Jumapili, besi Jumatano, na mpiga ngoma akiumwa anakaa kwenye ngoma. Hakuna anayempima. Watu wanaamka, wanacheza, mama mmoja anamtunza noti ya pesa kwenye paji la uso. Akikuambia anapiga yote hakudanganyi, anakusimulia maisha yake. Ila tazama kinanda chake. Vinanda vingi vina kitufe cha kuhamisha toni. Mkono unacheza kila wimbo kama do, mashine inapandisha. Kwenye gitaa kazi hiyo inafanywa na kapo, kibanio cha shingoni. Kipimo: rudisha kitufe kwenye sifuri, au ondoa kapo, umwombe kiitikio anachokipenda kuliko vyote, kwanza katika do, halafu fa, halafu mi bemoli. Akikwama kwenye fa umeshajua mahali pa kuanzia kumfundisha, na yeye pia amejua, bila wewe kusema neno.

Sababu ya pili: amejifunza kwa video za simu. Anazo sekunde 20 za mwanzo za nyimbo hamsini. Mpe wimbo mmoja auanze na aumalize, na mwambie mwimbaji arudie beti la pili mara mbili bila kutangaza. Anayemfuata mwimbaji anajua wimbo. Anayeendelea mbele peke yake anajua video.

Ya mwisho: kweli anapiga yote. Wapo, na dakika mbili zinatosha kuwatambua. Hata huyo mpe chombo kimoja kwa miezi ya mwanzo, la sivyo atakuwa anamsahihisha kila mtu kutoka kila kona ya chumba.

Marekebisho ya kina kwa wawili wa kwanza: chombo kimoja, nyimbo tatu, toni tatu, wiki mbili. Akirudi amezifanya, mchukue hata kama bado anajisifu. Asiporudi, amekujibu.

Dalili ya 2: Kila wimbo anapandisha sauti

Hakuna malalamiko ninayoletewa zaidi ya haya, na hakuna yanayohukumiwa vibaya zaidi. Mpiga gitaa la solo anageuka na kuzungusha kitufe cha sauti. Wa besi naye anazungusha chake. Kufikia wimbo wa tatu mwimbaji anapiga makelele, mishipa imemtoka shingoni. Wote wanasema: huyu wa solo anajiona.

Anza na kiti. Ampli zetu nyingi tunaziweka sakafuni, hatua moja nyuma ya mpigaji. Sauti nyembamba za gitaa, zile zinazobeba maneno ya solo, hazitawanyiki chumbani kama besi. Zinatoka mbele ya spika kama mwanga wa tochi. Sasa tochi hiyo inampiga magotini. Yeye huko juu anasikia mvumo tu, anadhani hasikiki, wakati shangazi wa bibi arusi aliyekaa mita 6 mbele inampiga usoni. Inua ampli uiweke juu ya kiti cha plastiki, uiinamishe nyuma kidogo ielekee kichwa chake. Usimweleze kitu. Subiri wimbo mmoja. Nimeona mara nyingi mkono ukienda wenyewe kwenye kitufe na kupunguza, na mtu aliyeitwa mwenye kiburi kwa mwezi mzima anacheka kwa mshangao kwa sababu kwa mara ya kwanza amesikia ncha za vidole vyake. Jaribu hilo leo kabla ya kugombana na mtu yeyote.

Bado anapandisha? Tazama chumba. Tunafanyia repetisyo (mazoezi) katika vyumba vya saruji chini ya mabati, na sauti inagonga huku na huku hadi hakuna anayejua nani amepiga nini. Tundika vitenge au mablanketi kwenye kuta mbili zinazokutana, na uondoe ngoma na ampli ya besi kwenye kona, maana kona huivimbisha besi. Mvimbo wa besi ndio unaomlazimisha mwenye solo kupanda.

Sababu ya tatu ni masikio yenyewe. Wanamuziki wengi wa mji huu mchana wako viwandani au migodini, karibu na mashine, na usiku wako mbele ya spika. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, imeweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15. Repetisyo yetu ya saa tatu chini ya mabati inaupita mpaka huo bila shida. Muulize taratibu, mkiwa wawili: masikio yanakulia usiku? Watoto wakiongea unaomba warudie? Televisheni nyumbani wanalalamika?

*Simama hapa:* akijibu ndiyo, jambo limetoka mikononi mwako. Usimpe mtihani mwingine wa muziki. Mpeleke kwa daktari wa masikio, na ikiwa usikivu umepotea ghafla, hasa sikio moja, aende siku hiyo hiyo. Wakati huo punguzeni sauti ya kundi zima na nunueni vizibo vya masikio.

Sababu ya mwisho ni kwamba kweli anataka kuwafunika wengine. Kipimo chake ni kupiga chini. Mwombe apige wimbo mzima kwa sauti ambayo mwimbaji asiye na mikro (maikrofoni) anasikika juu yake. Mwenye uwezo atabaki ndani ya wimbo, labda akinuna. Anayejificha nyuma ya sauti atapoteza mdundo kabla ya kiitikio cha pili.

*Simama hapa pia:* mikro ikimng'ata mwimbaji mdomoni wakati ameshika gitaa au amemgusa mpiga gitaa, zima kila kitu. Huo ni umeme unaotafuta njia ya kwenda ardhini, na volti 220 huua. Usikate kijino cha ardhi kwenye plagi ili kuondoa mvumo, hata mpiga solo anayejua yote akisema ndivyo wanavyofanya Kinshasa. Muite fundi umeme aangalie waya wa ardhi, na jenereta kama mnaitumia, kabla mtu mwingine hajashika mikro.

Dalili ya 3: Solo kila mahali

Mwimbaji anaanza beti, gitaa linaongea. Mwimbaji anavuta pumzi, gitaa linaongea. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu, inafika na gitaa halina tena neno jipya, lilishayamaliza.

Wasomaji wasiopiga wanisamehe nieleze kidogo. Katika muziki wetu gitaa la akompanyema linashikilia akordi (noti zinazolia pamoja) na mdundo, mi-solo inazunguka katikati na kifungu kile kile kinachorudi na kurudi, solo inaimba juu, besi inabeba. Sebene ikiwaka, anayewachezesha watu hasa ni mi-solo, ambaye jina lake halijulikani na aliyesimama pembeni. Atalaku, mpaza sauti wa kuwachangamsha wachezaji, anapiga kelele juu yake, solo inamrembesha, lakini yeye akikatika miguu inasimama.

Sababu ya kawaida kabisa ni kwamba kijana hajawahi kupiga akompanyema. Amejifunza peke yake chumbani juu ya rekodi ambayo tayari ina akompanyema nzuri, hivyo hakuhitajika kuishika. Kwake muziki ni ile sehemu iliyokuwa imebaki wazi. Kipimo: mpe akompanyema ya wimbo mmoja kwa dakika sita. Akordi nne, mkono mmoja wa kulia, bila pambo. Dakika ya kwanza kila mtu anaweza. Dakika ya tatu vidole vinaanza kuwasha, anatia kidoido. Dakika ya tano utajua. Kisha mwambie mpiga ngoma anyamaze kwa mizunguko minane na arudi: kijana akipatikana pale pale ngoma inapomwangukia, ana saa ndani yake. Akipatikana mbele, ana haraka. Metronomu ipunguze hadi 60 na urudie. Mwendo wa polepole hauachi pa kujificha.

Sababu ya pili ni woga, na huo hufanana sana na majivuno. Mtu mwenye woga hujaza kila kimya, kwa sababu katika kimya anahisi mnamtazama. Utamjua kwa mabega: yamepanda karibu na masikio. Mpe maji, mwambie akae, mpige naye wimbo wa kwaya wa utotoni. Mabega yakishuka na noti zikapungua, huna tatizo la kiburi hapo.

Sababu ya tatu: anadhani solo ni cheo. Huyu namsimulia Mwenda wa Bayeke, Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya aliyezaliwa mwaka 1930, ambaye mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo. Mtu mmoja, gitaa moja kavu. Kidole gumba kilishika besi, kidole cha shahada kiliimba juu yake, na kimoja hakikumkanyaga mwenzake. Namwekea rekodi na kumwomba anipigie mguu kwenye kidole gumba tu, asahau wimbo. Hapo wengi hunyamaza. Sifa ya gitaa la Katanga ilifika nchi za mbali kwa mikono iliyojua kujiandamanishia yenyewe, na mtoto wa hapa hapaswi kuambiwa kwamba akompanyema ni kazi ya wasiojua.

Marekebisho: mwezi mmoja kwenye akompanyema au mi-solo, na solo moja tu kwa usiku, katika wimbo mnaoukubaliana. Akikataa kabisa kukaa kwenye akompanyema hata kwa wiki moja, mwachie aende. Sijawahi kuona hilo likirekebishika kwa maneno.

Dalili ya 4: "Nitashika papo hapo"

Haji kwenye repetisyo, au anakuja imebaki nusu saa. Kabla ya dharau, uliza kuhusu njia na kazi: anayetoka zamu ya kiwandani au anayesubiri taksibasi ya Ruashi saa kumi na moja jioni hawezi kufika saa kumi na moja na robo. Badilisha saa. La pili, anapiga katika orkesta mbili na hasemi. Mwombe aseme, upange naye kalenda. La tatu, hawezi kukumbuka nyimbo na anaogopa ionekane. Mtumie rekodi siku mbili kabla, na mpangilio ulioandikwa kwenye karatasi. Dharau ninaiweka ya nne. Kanuni yangu ni nyepesi: asiyefika repetisyo mbili kati ya nne hapandi jukwaani Jumamosi hiyo, hata akiwa ndiye bora wetu, na analipwa sifuri bila kelele.

Dalili ya 5: Harekebishwi

Unamwambia yuko nje ya toni. Anasema ni ampli. Unamwambia amewahi. Anasema ni ngoma. Kila kitu ni kibaya isipokuwa yeye.

Niseme kilichonipata. Tulikuwa na kijana wa solo, mikono mizuri, ulimi mrefu. Kila alipopanda juu ya shingo ya gitaa sauti ilikuwa chungu. Nilimwambia mbele ya wote, mdogo wake akiwepo mlangoni. Akajibu: "Miye siko mubaya, gitaa njo mubaya." Nikaona huo ndio ugonjwa wenyewe, kiburi. Tukavutana wiki tatu, akaanza kuja amechelewa, mimi nikaanza kutafuta mwingine. Siku moja papa mmoja anayetengeneza magitaa Kamalondo alipita kuchukua deni lake, akasikiliza kidogo, akaomba lile gitaa. Alipiga uzi wa kwanza kwa kuugusa tu juu ya kichuma cha 12 cha shingo, ukalia kama kengele. Halafu akaubonyeza pale pale na kupiga tena. Noti mbili ambazo zinapaswa kuwa moja zilikuwa mbalimbali, hata mdogo wake alisikia. Vidaraja vya nyuma vinavyoshikilia nyuzi vilikuwa vimesogea mbele, nyuzi zilikuwa fupi kuliko inavyopaswa. Papa alichukua bisibisi, akavirudisha nyuma uzi mmoja mmoja, dakika ishirini. Kijana alikuwa akibishana kwa sababu masikio yake yalimwambia kweli. Nilimwomba msamaha mbele ya watu wale wale niliomwaibisha mbele yao, na bado tunapiga pamoja.

Kwa hiyo, kwa mpangilio:

Kwanza jiulize ulimwambia wapi. Mtu aliyesahihishwa mbele ya wadogo zake au mbele ya mchumba wake atabisha hata akijua umesema kweli. Mwite nje, mpe rekodi asikilize kwa vifaa vya masikioni, unyamaze. Usimwonyeshe dakika yenye kosa; aitafute. Wengi huipata wenyewe, na wanataja makosa mawili ambayo wewe hukuyasikia.

Pili chombo. Linganisha nyuzi kwa programu, noti ya "la" iwe hezi 440 kwa wote, kinanda pia kikaguliwe. Kisha kipimo cha kichuma cha 12. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu kuliko ile ya kengele, kidaraja kirudi nyuma. Ikiwa chini, kije mbele. Nyuzi zilizochakaa au kuchemshwa mara nyingi hazitatulia kamwe, badilisha kabla ya kupima.

Tatu sikio la toni. Piga noti, mwombe aiimbe. Akiimba sawa anasikia sawa, na shida iko kwenye vidole. Asipoiimba mara nne au tano, kwa noti za juu na za chini, anahitaji mwalimu wa solfeji (kuimba noti) kwa miezi, si chefu wa orkesta kwa Jumamosi mbili.

Nne umri. Kwetu mudogo hamrekebishi mukubwa, na shemeji hasahihishwi kabisa. Chefu wa miaka 24 akimwambia papa wa miaka 50 kwamba amekosa akordi, anayesikika ni mtoto asiye na adabu, akordi haisikiki. Tafuta mtu wa rika lake. Mimi humtumia mpiga besi wetu, mzee wa maneno machache, na husema jambo hilo hilo wakiwa wanakula bukari (ugali).

Tano, hataki tu. Ukishapita yote manne na rekodi tatu, amini unachokiona.

*Simama hapa:* maneno yakigeuka ya kabila, ya mkoa aliotoka mtu, au ya uchawi, funga repetisyo. Hilo mji huu umelilipia sana na chefu wa orkesta halimalizi kwa hotuba. Ita mzee wa familia, mchungaji au padri anayeheshimiwa na pande zote mbili, na msikutane tena kabla ya kikao hicho.

Dalili ya 6: Majina makubwa

Amepiga na huyu wa Kinshasa, amesafiri na yule. Mara nyingi ni kweli nusu: alijaza nafasi usiku mmoja orkesta ilipopita hapa. Wakati mwingine ni njaa ya kazi inayoongea. Uongo mtupu ni nadra kuliko unavyodhani. Usibishane. Mwambie: "Tufundishe kifungu kimoja ulichopiga nao." Aliyekuwepo atawaonyesha na jinsi ya kuingia na kutoka. Halafu mpigie chefu wake wa mwisho wa hapa mjini na uliza maswali matatu: alikuja kwa saa? alirudisha vyombo? ungemchukua tena? Jibu la tatu likichelewa, umelisikia.

Dalili ya 7: Anaweza kweli, lakini kundi linavunjika

Huyu ndiye mgumu. Kipaji hakina shaka. Ila tangu aje, watu wananong'ona kuhusu pesa, mpiga ngoma hasalimii, na mteja wenu wa mwezi ujao amepigiwa simu ya bei nafuu.

Sababu ya kwanza ni hesabu zenu zilizofichwa, hata kabla yake. Mtu anayejua thamani yake akiona chefu anaweka bahasha mfukoni bila kuifungua, ataanza kuuliza, na waliokuwa kimya watasikia. Fungua bahasha mezani usiku ule ule. Tuseme ni dola 300: toa taksi, mafuta ya jenereta, mfuko wa nyuzi na mikro, kisha gawa mnavyokubaliana, mwenye kusaini asaini. Minong'ono mingi hufa hapo, na mara nyingi huyo mwenye kujiona anageuka kuwa mlinzi wa daftari.

Sababu ya pili ni nyimbo. Ameleta sauti, mwingine maneno, wimbo umependwa, kila mmoja anasema ni wangu. Andikeni siku ya kutunga: maneno ya nani, melodi ya nani, nani alipanga. Sheria ya haki za watunzi ipo nchini tangu tarehe 5 Aprili 1986, namba 86-033, na nyimbo huandikishwa SOCODA, shirika la haki za watunzi.

Ya tatu: anataka orkesta yake. Hilo si dhambi. Mwaka 1963 mwimbaji Tabu Ley na mpiga gitaa Docteur Nico walitoka African Jazz, orkesta ya Grand Kallé, wakaunda African Fiesta, na baadaye hao wawili nao wakaachana. Muziki wetu umejengwa na watu walioondoka. Muulize wazi, mpe tarehe, mkubaliane arusi zipi anamaliza nanyi na wateja gani hawagusi.

*Simama hapa:* wimbo wenu ukirekodiwa kwa jina lake peke yake, usiende kwake na vijana wenye hasira. Kusanya rekodi za simu zenye tarehe, daftari na mashahidi, uende kwa mwanasheria. Vyombo vikichukuliwa, au kukiwa na vitisho, ni polisi. Na kama kinachomfanya ajione mfalme jukwaani ni chupa au kitu anachovuta kabla ya kupanda, na bila hicho mikono inatetemeka, anahitaji matibabu. Zungumza na mke wake au kaka yake mkubwa mtafute daktari, na mwondoe kwenye ratiba kwa wakati huo bila kumtangaza.

Ukiamua kumkataa

Mwambie mwenyewe, uso kwa uso, mkiwa wawili, siku mbili tatu baada ya majaribio. Usimtume mtu, usimwache agundue kwa kuona picha za arusi. Taja jambo moja la muziki analoweza kulifanyia kazi: akordi za mi bemoli, mwendo wa 60, kunyamaza chini ya mwimbaji. Tabia yake usiitaje. Mpe pesa ya taksi ya kurudi. Rekodi yake mtumie yote, na iliyobaki kwenye simu yako ifute yeye akiona.